Azalea za porini: ziwekee alama zikichanua, zihamishe baridi ikiingia

Kwa mlioko Georgia, Alabama au Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani: azalea (vichaka vya maua) za asili za misitu ya huko hupukutisha majani, hivyo wakati wa baridi ni vigumu kuzitofautisha na vichaka vingine. Zitafute Machi na Aprili zikiwa na maua, ufunge utepe kwenye shina. Mahali pazuri ni kiwanja kinachokaribia kufyekwa kwa ujenzi. Omba ruhusa ya mwenyewe, tena kwa maandishi. Msitu wa hifadhi usiuguse kabisa.

Rudi majani yakishadondoka, kati ya Novemba na Februari. Mizizi haiendi chini sana. Imetandaa juu juu, myembamba kama nywele. Basi chimba kwa upana zaidi kuliko kina, pitisha sepetu chini yake, ulisogeze bonge zima la mizizi na udongo wake kwenye turubai. Matawi yakate yabaki sentimita 30 hivi. Inauma kukata kichaka kilichokomaa, najua, lakini mizizi iliyobaki haiwezi kuyalisha yote, na shina litachipua upya.

Panda bonge likitokeza kidogo juu ya ardhi, penye kivuli chepesi na udongo wa asidi. Tandaza magome ya msonobari. Chokaa usiweke. Mwagilia majira yote ya joto yanayofuata.