Umebadilisha betri ya rimoti ya gari na bado haifungui milango?
Usikimbilie kununua rimoti mpya. Ifungue tena ucheki upande wa + umekaa ulivyochorwa ndani, halafu soma namba ya betri, maana CR2025 na CR2032 zote ni volti 3 na upana ule ule ila 2025 ina unene wa mm 2.5 na mwenzake 3.2, so ukiweka nyembamba inachezacheza haigusi vizuri. Vile vibati vya kugusa betri vikiwa vimelala viinue kidogo tu na kitu cha plastiki, taratibu, maana vinakatika kirahisi. Futa mafuta ya vidole kwenye betri pia. Bado? Jaribu rimoti ya akiba, ikifanya kazi basi gari halina shida, pengine hiyo ya kwanza inataka kuoanishwa upya (kuunganishwa tena na gari), angalia hatua kwenye kitabu cha gari.