Kuomba Uzamili wa Sayansi ya Kompyuta kwa GPA ya Kawaida

Mtu mwenye GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 2.8 anayeomba nafasi ya uzamili katika sayansi ya kompyuta huhangaikia alama zake, ambazo hazibadiliki tena, na kuyapuuza makaratasi, ambayo bado yamo mikononi mwake. Ndivyo nilivyofanya mimi, na msimu wangu wa kwanza wa maombi ulikwenda na maji pamoja na ada za vyuo sita.

Anza na sharti la alama. Vyuo vikuu vingi vya Marekani hutaja 3.0 kati ya 4.0, lakini chunguza kama hicho ni kiwango cha chini kabisa au ni wastani wa waliodahiliwa. Pale ambapo kiwango kimewekwa na chuo kizima, mara nyingi idara huweza kumwombea msamaha mwombaji inayemtaka, kwa hiyo iandikie barua pepe fupi kabla ya kulipa, kwa sababu ada ya maombi kwa kawaida hairudishwi.

Hatua iliyoniumiza ni ya kujaza GPA yenyewe. Chuo nilichosoma kilitumia asilimia, nami nilikuwa na 68, nikaigawa kwa 100, nikazidisha kwa 4 na kujaza 2.72, nikijiona mwaminifu kupita kiasi. Maelekezo, yaliyofichwa nyuma ya alama ndogo ya kuuliza ambayo sikuibonyeza, yalisema alama ziandikwe kama zilivyo kwenye nakala ya matokeo, pamoja na kipimo chake, bila kugeuzwa. Katika mfumo ambao daraja la kwanza huanzia 70, alama ya 68 si haba hata kidogo, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeishusha chini ya kiwango kabla binadamu yeyote hajaiona.

Chuo kinapotaka vyeti vya kigeni vitathminiwe na shirika la nje kama WES, nakala ya matokeo hutakiwa kutoka moja kwa moja kwa msajili, kwa njia ya kielektroniki au katika bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri. Nenda miezi miwili kabla, kwa kuwa mwenye mhuri na mwenye kutia saini hawaendi likizo katika wiki ile ile. Nilipokabidhiwa bahasha hatimaye, niliifungua ili kuhakikisha kwamba jina langu limeandikwa sawasawa. Lilikuwa sawasawa kabisa, na bahasha ikawa haina thamani tena. Omba nakala ya pili ya kujisomea.

Katika tamko la malengo, alama dhaifu zielezwe kwa sentensi mbili, kisha uendelee na kazi ulizofanya. Ikiwa alama za miaka miwili ya mwisho zilipanda, au ulifanya vizuri katika algoriti, mifumo endeshi na hisabati, litaje hilo waziwazi. Barua za mapendekezo ziandikwe na watu waliokuona ukifanya kazi, kwani mhadhiri mashuhuri anayekumbuka tu kwamba ulihudhuria darasani hakusaidii. Angalia pia mfumo unamtumia lini mwandishi kiungo cha kupakia barua: baadhi hutuma mara tu unapojaza jina lake, mingine hungoja mpaka ulipe na kuwasilisha, na kiungo chenyewe hupenda kutua kwenye folda ya barua taka.

GRE, yaani mtihani wa kupima waombaji wa uzamili, imeondolewa na idara nyingi. Inapokuwa hiari, itume tu ikiwa alama yako ya hisabati ni ya juu. Matokeo yake hudumu miaka 5, ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, miaka 2.

Asiyetaka kabisa kuhukumiwa kwa alama za zamani akiangalie Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, ambacho uzamili wake wa mtandaoni kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, hudahili kwa kufaulu kozi za mwanzo kwa wastani wa 3.0, bila kudai nakala ya matokeo.

Baada ya kuwasilisha, rudi kwenye akaunti yako kila wiki hadi kila hati iandikwe kuwa imepokelewa. Yangu moja ilisomeka "inasubiriwa" hadi siku nilipopokea barua ya kukataliwa.