Muhogo mchungu: jua peke yake halitoi sumu

Kila kiangazi naona makopa, yaani vipande vya muhogo vya kukausha, manene kama mkono yameanikwa juu ya paa, na mwenye nyumba anaamini jua litamaliza sumu. Halimalizi.

Sumu ya muhogo imeshikana na sukari. Ndani ya chembe za mzizi mna linamarini, yaani glukosi iliyofungamana na sianidi. Kwenye kuta za chembe hizohizo kuna kimeng'enya, linamarasi, na kazi yake ni kuikata hiyo sukari. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukiukwaruza, ukiutwanga au ukiuloweka hadi ulainike, vinakutana. Sukari inakatika na sianidi inapaa kama hewa.

Kipande kilichoanikwa bila kukwaruzwa hubaki na sumu kwa sababu maji yamekwisha kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Kuuchemsha muhogo mchungu mzimamzima nako hakusaidii: moto unaua kimeng'enya, linamarini inabaki.

Basi menya, osha, kwaruza, tia chicha kwenye gunia safi, kandamiza kwa mawe usiku kucha au zaidi maji yachuruzike, ndipo uanike. Kama hakuna mashine ya kukwaruza, loweka siku 3 hadi 5, mpaka mzizi ubonyee kwa vidole. Usihesabu siku tu, bonyeza. Kwenye baridi huchelewa. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri kabla hakijaingia chunguni, kisha kichemke bila kifuniko.

Je, unga umeshasagwa na una shaka nao? Uchanganye na maji uwe mzito, utandaze kwenye ungo kwa unene usiozidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike ugali siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichobaki kwenye unga huamka kikipata maji.

Nasisitiza hasa mwaka wa ukame. Mvua ikikosekana, muhogo huzidi sumu, na njaa hutufanya tuloweke siku 1 badala ya 4. Tarime, mkoani Mara, Tanzania, mwaka 1985 ukame ulikuja na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, ukiwapata zaidi watoto na kina mama, na miguu hairudi ilivyokuwa. Nyumba yenye muhogo mchungu tu msimu huo iongeze maharage au dagaa, maana mwili huhitaji protini ili kuiondoa sianidi iliyobaki, na siku za kuloweka zisipunguzwe hata moja.