SOMO: Kufunga injini ya boti ili ipite maji ya kina kifupi

Karibu kila wiki naulizwa: "Fundi, boti yangu inagonga chini nikiingia ufuoni, ninunue injini gani?" Wengi wenu hamhitaji injini nyingine. Mliyo nayo imefungwa chini mno, na uzito wote umerundikwa nyuma. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Somo hili ni la injini ndogo za kubana kwa klampu, nguvu ya farasi 8 hadi 40, kwenye boti za mbao au fiberi. Maji ninayozungumzia ni ya ndani ya Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria upande wa Kenya: Dunga kwenye mafunjo, mlango wa Nyando penye tope, na fuo zote ambazo gugumaji hufika na kuondoka litakavyo.

Hatua ya 1. Pima ubao wa nyuma. Kutoka ukingo wake wa juu, wima, hadi chini ya boti. Inchi 15 (sentimita 38) ni ya injini ya shafti fupi, yaani mguu mfupi. Inchi 20 (sentimita 51) ni ya shafti ndefu. Shafti ndefu kwenye ubao mfupi ndiyo hulima tope.

Hatua ya 2. Angalia mkuku, ule uti wa mbao unaopita katikati chini ya boti. Boti zetu nyingi za mbao zina mkuku unaofika hadi ubao wa nyuma. Ukiishia mbele ya propela kabisa, unayachafua maji kwa mapovu na propela inakosa cha kushika. Mwambie seremala auchonge upungue taratibu na kuisha kabla ya kufika kwenye ubao.

Hatua ya 3. Urefu wa injini. Hapa soma polepole, maana ndipo injini nyingi zinapoharibikia.

Juu ya propela kuna bamba bapa lililolala. Anza kwa kuliweka sawa kabisa na chini ya boti: weka rula ndefu chini ya boti na uivute hadi nyuma, iguse bamba. Jaribu boti kwenye maji marefu, ikiwa na mzigo wako wa kawaida, kasi yote, kisha kata kona. Ikishika vizuri, inua injini nusu inchi na urudie. Endelea hivyo mpaka kona moja injini ipige kelele ghafla huku boti haisongi. Hapo propela imeanza kunyonya hewa. Shusha nusu inchi, funga, umemaliza. Kwa boti nyingi bamba huishia kati ya usawa wa chini ya boti na inchi moja juu yake. Inchi hiyo haionekani kubwa, lakini ndiyo tofauti ya kupita na kukwama.

Sasa maonyo. Kwanza, matundu ya kunyonya maji ya kupooza yako kwenye mguu wa injini, chini ya bamba. Ukipandisha kupita kiasi, yanavuta hewa. Impela, yaani kile kigurudumu cha ndani ya pampu kinachosukuma maji, ni ya mpira na hulainishwa na yale yale maji. Ikizunguka kavu huungua kwa muda mfupi sana, na baada ya impela inafuata pistoni. Kwa hiyo kila unapoinua, tazama mkojo wa injini, ule uzi wa maji ya kupooza unaoruka nje. Ukitoka mfululizo, endelea. Ukikatikakatika, shusha. Ukikoma, zima papo hapo, usisubiri kufika ufuoni.

Pili, kuinua kwa kuchomeka kipande cha mbao juu ya ubao ni hatari kama skrubu za klampu zitakosa ubao imara. Kipande kiunganishwe kwa bolti za kupita upande wa pili, na skrubu zikae kwenye mbao nzima, zisikae kwenye kiungo. Kisha piga bolti mbili za kupita kwenye matundu ya chini ya mabano ya injini, ziba kwa silikoni ubao usioze, na ongeza mnyororo wa usalama. Klampu peke yake hulegea kwa mtetemo, na ziwa limeshameza injini za kutosha.

Tatu, usikate pezi la chini ya propela ili "kupunguza kina". Pezi hilo ndilo linalopokea jiwe kabla ya propela, na linasaidia usukani.

Hatua ya 4. Pini ya pembe, ile inayoamua mguu wa injini ukae karibu au mbali na ubao. Boti ikienda kasi, pua isiangalie juu. Sogeza pini tundu moja moja mpaka boti ikae sawa ikienda.

Hatua ya 5. Hamisha uzito. Tangi la petroli, nanga, barafu na abiria wa ziada waje katikati na mbele. Hili ni bure, na wengi hulipuuza.

Hatua ya 6. Wenzo wa maji mafupi. Injini nyingi ndogo zina mahali pa kuziegemeza nusu. Hapo nenda polepole tu, na gia ya mbele tu. Ukitia rivasi mguu unaruka juu kwa sababu kufuli la rivasi halijashika.

Hatua ya 7. Propela. Namba mbili zilizoandikwa ni kipenyo na mwendo wa mzunguko (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), kwa inchi. Kwa mzigo mzito chukua namba ya pili iliyo ndogo. Sehemu zenye mawe tumia alumini. Ikigonga hupinda yenyewe. Chuma cha pua hakipindi, kinapeleka pigo kwenye gia.

Hatua ya 8. Beba upondo (mti mrefu wa kusukumia boti) uliowekwa alama za rangi. Pima kutoka usawa wa maji hadi ncha ya pezi ukiwa na mzigo, ongeza kiganja kimoja. Hicho ndicho kina chako.

MASWALI

Otis_Dunga: Fundi injini ya 15 ni pesa ngapi saa hii?

Jibu: Hili si somo la bei. Uliza wauzaji.

Mvuvi Kaloka: Nimeinua inchi nne tangu asubuhi, inalia sana na haikojoi. Niendelee kuinua?

Jibu: Zima. Rudi hatua ya 3, isome yote. Usiwashe tena kabla ya kufungua pampu na kuangalia impela.

Mvuvi Kaloka: Lakini jirani yangu ameinua hivyo hivyo na inaenda.

Jibu: Ubao wa jirani si wako. Pima.

Baba Achieng: Samahani, unapotosha watu. Fundi aliyenifunza alisema bamba likae inchi mbili chini ya boti, na nimefanya hivyo maisha yangu yote.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Kwa maji unayovua wewe, upande wa nje ya kisiwa cha Rusinga, mwalimu wako alisema kweli: wimbi likiinua nyuma ya boti, propela iliyo juu inatoka majini. Mimi nimeandika kwa anayeingia mlango wa Nyando. Anayefanya kazi sehemu zote mbili afunge kwa maji makubwa, kisha atumie wenzo wa hatua ya 6 akikaribia ufuo. Hilo silibadilishi.

Baba Achieng: Marahaba. Hapo tumeelewana.

Nyar Naivasha: Asante kwa somo. Nina boti ya fiberi ya watalii hapa Naivasha. Polepole inapita vizuri, kasi yote inapita vizuri, lakini nikiongeza gesi nusu inagusa tope mahali pale pale. Kwa nini?

Jibu: Dada, swali zuri sana. Boti ikiongezwa gesi kutoka mwendo wa pole, kwanza hukaa kitako: pua inapanda, nyuma inazama, kwa sababu inajaribu kupanda wimbi lake yenyewe. Ikishalipanda inalala sawa juu ya maji na nyuma inainuka tena. Kwa hiyo nusu gesi ndipo injini yako iko chini kuliko wakati wowote. Tena kwenye maji mafupi maji yanabanwa chini ya boti, nayo inavutwa zaidi chini. Dawa: ongeza gesi ukiwa bado maji marefu, au pita polepole kabisa. Usiwahi kuharakisha ukiwa juu ya tope. Na kwa vile ninyi mna viboko, mimi ningechagua polepole. Abiria wawili wa nyuma uwasogeze mbele, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Nyar Naivasha: Nimewasogeza. Haigusi tena. Na gugumaji je?

Jibu: Mizizi huziba matundu ya maji kabla hujaiona kwenye propela, kwa hiyo angalia mkojo. Ukipungua, tia rivasi kidogo kutupa majani (wenzo ukiwa umeshushwa). Ikishindikana, zima, inua mguu, toa kwa mkono. Usiweke mkono injini ikiwaka, hata gia ikiwa huru. Na penye tope jingi fungua impela mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, mchanga unaikwangua.

Kijana wa Usare: Nimeona video za Thailand, injini ya kawaida yenye shafti ndefu inalala nyuma ya boti. Inafaa hapa?

Jibu: Inafaa sana kwenye mafunjo na mito. Zile ndogo hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna matundu ya kuziba, na propela unaiinua kwa mkono ukiona jiwe. Ubaya: usukani ni mzito, kona ni pana, rivasi hakuna, na ile shafti inayozunguka nyuma ni hatari kwa anayeogelea. Ukijenga moja, weka kinga ya propela na ulete picha.

Otis_Dunga: Basi mafuta nachanganya vipi?

Jibu: Hilo ni swali. Soma kitabu cha injini yako. Kama kimeandika 50:1, ni mililita 400 za oili ya injini za boti kwa lita 20 za petroli. Oili ya pikipiki usiweke. Na chuja petroli, maji kwenye mitungi ya ufuoni ndiyo yanayowasumbua wengi mkidhani ni plagi.