Yuma, na kuvuka Los Algodones kwa miguu: someni kabla ya kuuliza

Yuma ni mji wa Arizona, Marekani; Los Algodones ni mji wa Mexico, ng'ambo ya mpaka. Nimeulizwa haya mara nyingi mno, nayaweka hapa yote.

1. Nenda kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40.

2. Anzia gereza la zamani (1876–1909), juu ya mto Colorado.

3. Shuka hadi daraja la 1915, Ocean-to-Ocean. Livuke kwa miguu.

4. Mexico. Gari liache Andrade, upande wa Marekani, uingie Los Algodones kwa miguu. Wengi hufuata madaktari wa meno na miwani.

Hapa ndipo nilipoharibu. Andrade iko California, na Arizona, ilipo Yuma, haibadilishi saa kwa majira kama California. Majira ya baridi, California na Los Algodones ziko nyuma ya Yuma kwa saa moja. Siku hiyo sikuwa na gari. Basi langu la kurudi Phoenix lilikuwa saa 11 jioni, saa za Yuma. Simu ilishajibadilisha yenyewe mpakani. Nikaona saa 9 na nusu, nikaagiza chakula. Kumbe Yuma ni saa 10 na nusu, na foleni ya kurudi haisogei. Basi likaondoka, nikalipia chumba ambacho sikukipangia.

Andika saa za Yuma kwenye karatasi. Rudi kabla ya mchana: alasiri za Januari na Februari foleni huzidi saa nzima, juani. Na kituo cha mpakani hufungwa usiku!

MASWALI

— Mkuu, kwani saa zinatofautiana?
Hatua ya 4. Isome yote.

— Viza yangu ya Marekani ni ya kuingia mara moja. Nitarudi?
Usivuke kwa kutegemea maneno yangu. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

— Kwa nini watu walivukia mto hapo Yuma hasa?
Asante kwa kuuliza. Kwingine mto ulitanda. Hapo vilima viwili vya mawe vinaubana. Waquechan ndio wenyeji wa kivuko. Mwaka 1849 maelfu wa wakimbilia dhahabu walipita hapo, na 1877 reli ikafika. Ukiuona mto mwembamba usishangae, maji mengi huchepushwa mashambani. Tangu 1912 kuna maji yanayopita kwenye handaki chini ya mto wenyewe kwenda bonde la Yuma. Simama darajani uvitazame vile vilima, utaelewa.

— Zawadi gani ya kurudi nayo?
Tende za Medjool, zinalimwa hapo hapo. Kubwa, laini. Nunua za futari kabisa, uziweke kwenye friji.