Madirisha wazi na bado kuku wanahema? Angalia bati

Ikifika mwezi wa kumi na wa kumi na moja hapa Dodoma swali ni lilelile kuanzia Bahi mpaka Kongwa, kuku wanahema midomo wazi, mayai yamepungua, na mtu kashafungua madirisha yote upepo unapita vizuri tu. Wafugaji wenzangu, shida mara nyingi iko juu, kwenye bati.

Iko hivi, kila kitu kinatoa mionzi ya joto, bati, ukuta, sakafu, hata kuku mwenyewe, na kila kimoja kinapokea ya mwenzake, ila chenye joto kali kinatoa kuliko kinavyopokea kwahiyo mwisho wa hesabu joto linatoka kwa cha moto kwenda kwa cha baridi. Na mionzi haihitaji kubebwa na hewa, ndo maana upepo hauizuii. Mwili wa kuku una kama nyuzi 41. Ukuta ukiwa nyuzi 28 kuku anaupa joto lake na anapata nafuu, lakini bati la saa nane mchana, hasa lililozeeka likashika kutu, linaweza kupita nyuzi 60, hapo mambo yamegeuka, bati ndo linampa kuku. Bati likitoka nyuzi 30 kwenda 60 mionzi inayotoka inaongezeka karibu nusu ya ile ya mwanzo. Kuku hatoi jasho, kinachobaki ni kuhema, na kuhema kunamaliza maji mwilini na nguvu ambayo ingeenda kwenye yai.

Jaribu mwenyewe. Ingia bandani saa nane, vua kofia, simama kama dakika moja, alafu inua kipande cha boksi juu ya kichwa bila kukigusa. Utosi unapoa palepale na upepo ni uleule. Kipimajoto cha ukutani hakitakuonyesha hilo vizuri maana chenyewe kinasoma zaidi joto la hewa.

Kwahiyo dawa ni kuweka kitu katikati ya bati na kuku, yani dari. Mabua ya mtama au matete yaliyosukwa yanatosha kabisa, sio lazima ununue silingibodi. Acha nafasi ya kama shibiri kati ya dari na bati, na pembeni pawe wazi ili hewa ya moto itoke, ukibananisha dari na bati hujafanya kitu. Nyasi mi sizipendi sana, zinafuga utitiri na panya, ila kama ndo ulizonazo weka na ubadilishe kila ukitoa kuku. Wazee wetu wa Kigogo na tembe zao za paa la udongo mnene walilimaliza hili zamani, ndani mchana kunabaki na ubaridi.

Juu ya bati paka chokaa nyeupe mwezi wa tisa, jua kubwa linarudi lilikotoka. Kama unavuna maji ya mvua kwenye paa hilo, ya mwanzo mwaga. Na kwa anayejenga upya, urefu wa banda ulale mashariki kwenda magharibi.

Sasa Juni na Julai mambo yanageuka. Usiku anga haina mawingu, bati linatoa joto lake kwenda juu na hairudi ya kutosha, alfajiri ukiligusa ni la baridi kuliko hewa yenyewe, na vifaranga wanapoteza joto kwenda huko. Dari ileile inawakinga. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, punguza kama 3 kila wiki, na zungushia bruda, yani sehemu ya kulelea vifaranga, boksi au viroba ili wasitazamane na ukuta wa baridi. Wakirundikana karibu na jiko la mkaa ongeza joto, wakikimbilia pembeni punguza, wakitawanyika vizuri umepatia. Jiko likae mbali na mabua, na acha upenyo wa hewa juu hata kama nje kuna baridi, maana mkaa unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu na inaua vifaranga pamoja na anayelala nao.