Kwenda kisiwani Wasini na watoto kutoka Nairobi

Kabla hujalipia boti ya Shimoni, bandari ya kuvukia kwenda Wasini, angalia mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, hujaa alasiri, na tofauti hupita mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayapandi wala kushuka sana. Saa nne bahari imejaa na mkondo ni mpole. Kwa mtoto anayejifunza kupumua kwa mrija, chagua siku hizo. Likizo ya Desemba huangukia msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia. Ya Agosti ni upepo wa kusi, bahari huchafuka, na wengi hutapika hata kabla ya kufika Kisite, kwenye hifadhi ya bahari mnakoogelea.

Mkishuka treni Miritini, nendeni mkalale Diani, msije mkakwama Likoni asubuhi na feri. Kutoka Diani hadi Shimoni ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Watoto wanywe chai na mkate. Chipsi na mayai vingoje. Dawa ya kichefuchefu hunywewa nusu saa kabla ya kupanda boti, kwa kipimo cha mfamasia.

Kiingilio cha hifadhi hiyo, Kisite-Mpunguti, hulipwa KWS, shirika la wanyamapori, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, basi maliza hilo hotelini. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja ni marufuku hifadhini, kwa hiyo beba maji kwenye chupa za chuma, lita moja na nusu kwa kila mtu. Usitegemee kuzijaza Wasini: maji matamu ni shida huko tangu jadi, na wenyeji wamezoea kukinga ya mvua.

Jaketi la kuokolea lipimwe gatini, boti ikiwa bado imefungwa. Mfunge mtoto, shika jaketi mabegani, livute juu. Likifika masikioni ni kubwa mno. Akiangukia majini litapanda na yeye atachomoka chini. Omba dogo, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Nahodha akisema hana, tafuta boti nyingine, hata kama mmeshalipa. Miwani ya kuzamia ibandike usoni bila kufunga mkanda, mtoto avute pumzi kwa pua: ikishika, inamfaa. Mara nyingi maji huingia kwa sababu ya unywele ulionaswa chini ya mpira. Wasichana wenye rasta wazifunge nyuma.

Wasini hakuna magari. Maji yakiwa yamepwa huenda mkateremka kwenye miamba, basi raba ziwe miguuni. Viumbe wenye miiba myeusi hujificha humo. Huu ni mji wa Waislamu: jifungeni leso juu ya nguo za kuogelea, waamkieni wazee shikamoo, na msipige picha bila ruhusa. Njia ya mbao ya kina mama, inayopita juu ya matumbawe makavu na mikoko, ina kiingilio chake, kwa hiyo beba noti ndogo. Mkiandaliwa kaa wa kula, huvunjwa kwa kipande cha mti. Wavunjie wadogo mwenyewe, gamba hukata vidole. Anayemkataa kaa atakula wali wa nazi. Upepo huongezeka alasiri, basi patana na nahodha muwe mmeng'oa nanga kufikia saa nane.